Ng'ombe wakitoka, darasa linabaki tupu: tupangeje siku yetu?

SWALI

Kwenu washauri, Bwana asifiwe.

Mimi na mume wangu ni wamisionari. Kanisa limetutuma kufundisha kwenye ranchi ya ng'ombe iliyo mbali na barabara ya lami, na mbali zaidi na mji. Asubuhi tuna shule ya watoto wa wafanyakazi, saa mbili usiku kisomo cha watu wazima, na Jumapili ibada. Tunaishi vyumba viwili vilivyoshikana na darasa, kwa hiyo kazi iko mlangoni tangu tunapoamka.

Watoto ni 32 katika chumba kimoja, wadogo wana miaka 5 na wakubwa 14. Si watoro kwa tabia; shule wanaipenda. Ila siku ya josho, ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe, wavulana wakubwa hatuwaoni kabisa. Msimu wa ng'ombe kuzaa wanapotea wiki nzima, na ndama wakikusanywa kupigwa chapa hata wadogo wanakimbilia kutazama. Mtoto akirudi anakuta wenzake wamefika kwenye kugawanya, naye aliachia kwenye kutoa. Tukimrudia yeye, wengine wanakaa bure. Tukiendelea, anaona aibu na mwishowe haji tena.

Watu wazima wanakuja kwa moyo, lakini baada ya nusu saa wamesinzia juu ya madaftari.

Meneja ni mtu mwema na ndiye aliyetupa nyumba. Sasa amemwomba mume wangu amsaidie kuandika vitabu vya ranchi, pamoja na mahudhurio ya wafanyakazi. Amependekeza pia kwamba mfanyakazi asiyekuja ibadani, mtoto wake asipokewe darasani, akiamini hilo litajaza kanisa. Hatujui tumjibu nini bila kumkosea.

Na mimi nimechoka kupita kiasi. Homa inakuja jioni na kuondoka, usiku natoka jasho, magoti na kiuno vinauma. Nilimeza dawa za malaria, ikapungua kisha ikarudi. Maziwa tunakunywa yakiwa bado na joto la kiwele, kama wote hapa, na maji tunachota pale linapojazwa hori la ng'ombe. Hodi hazikomi tangu alfajiri hadi usiku, na mimi na mwenzangu tumeanza kujibizana kwa ukali kwa mambo madogo.

Tusaidieni kupanga siku yetu. Kazi hii tunaipenda na hatutaki kuondoka.

Mama Mwalimu, ranchini

JIBU

Amina, Mama Mwalimu, na salamu zetu kwa mwalimu mwenzako.

Tuanze na homa yako, kwa sababu hiyo haingoji ratiba. Homa ya jioni inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na kiuno, kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi: hizo zinafanana sana na dalili za bruselosi, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Hatuwezi kukupima kwa barua, na kifua kikuu nacho huleta homa na jasho la usiku, kwa hiyo nenda hospitali wiki hii hii. Ukifika usiishie kusema una homa, maana utapimwa malaria na taifodi kisha urudi nyumbani. Sema wazi kwamba unaishi na ng'ombe, unakunywa maziwa yasiyochemshwa, na unaomba damu ipimwe bruselosi. Ikithibitika, tiba huwa ni antibiotiki zaidi ya moja kwa pamoja, kwa kawaida kwa wiki 6. Wengi huziacha wakipata nafuu wiki ya pili, na hao ndio ugonjwa huwarudia, safari hii ukiwa umejikita kwenye viungo au uti wa mgongo. Kama una ujauzito au unadhani unao, mwambie daktari kabla hajaandika dawa: ugonjwa wenyewe unaweza kuharibu mimba, na baadhi ya dawa zake hazimfai mjamzito. Mumeo akiwa na dalili kama hizo naye apimwe.

Kuanzia leo maziwa yachemshwe. Nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, zinatosha kuua vijidudu vya bruselosi na vya kifua kikuu cha ng'ombe, lakini bila kipimajoto msibahatishe. Ngojeni yapande sufuriani, yakorogeni yashuke, yapande tena, ndipo muepue. Kuyagandisha mabichi hadi yawe mtindi hakuondoi hatari. Yachemsheni kwanza, yapoe, kisha mgandishe. Jambo la pili la bruselosi husahaulika: wavulana wenu wanaosaidia ng'ombe kuzaa. Kondo la nyuma, maji ya uzazi na ndama aliyetupwa vimejaa vijidudu kuliko maziwa yenyewe ikiwa ng'ombe ana ugonjwa. Mtoto asivishike kabisa. Mtu mzima avae glovu ndefu, kondo lifukiwe mahali mbwa hawafukui, na mama mjamzito asisogee hapo.

Maji nayo. Tangi moja kuhudumia nyumba na hori si kosa. Kosa ni kuchota horini, au kuchota kwenye mpira ambao ncha yake imezama horini. Msukumo wa maji ukishuka, mpira uliozama hunyonya maji machafu na kuyarudisha kwenye bomba. Mwombeni meneja aweke bomba lenu kabla ya tawi la kwenda horini, na mdomo wa bomba la hori ukae juu ya usawa wa juu kabisa wa maji kwa umbali wa angalau mara mbili ya kipenyo chake. Hata baada ya hapo chemsheni maji ya kunywa: yakishachemka kwa nguvu, dakika 1 inatosha, na mkiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari ziwe dakika 3. Msitegemee klorini peke yake penye ndama. Ndama wachanga wa wiki za kwanza hueneza kriptosporidia, kijidudu cha kuhara ambacho klorini ya kawaida haikiui, ila maji yanayochemka hukiua. Na lisemeni darasani kila muhula: dumu lililokuwa na dawa ya josho halisafishiki hata likisuguliwa mara ngapi. Litobolewe ili asipatikane wa kulibebea maji.

Sasa shule. Mnachokiita utoro ni ratiba ya pili ambayo haijaandikwa ukutani kwenu. Ng'ombe wana kalenda, na kalenda hiyo inajulikana miezi kadhaa kabla. Mkiipata, shida yenu kubwa inapungua kabla hamjabadilisha hata somo moja.

Mwulizeni meneja swali moja: madume waliingizwa kundini tarehe ngapi, na watatolewa lini? Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi. Kama madume waliingia 1 Januari, ndama wa kwanza watarajieni karibu na 11 Oktoba. Ng'ombe asiyeshika mimba hurudi kwenye joto, yaani hutaka dume tena, kila baada ya siku 21, kwa hiyo ranchi nyingi huacha madume kundini kwa siku kama 63, yaani nafasi tatu. Madume wakitoka 5 Machi, ndama wa mwisho watazaliwa karibu na 13 Desemba. Kundi likiwa na afya, wengi huzaliwa katika wiki nne za mwanzo, na hizo ndizo wiki ambazo wavulana wenu hukesha na mitamba wanaozaa kwa mara ya kwanza. Kwa mfano huu likizo yenu ndefu ianze 11 Oktoba na iishe katikati ya Novemba. Hata mkiita muhula, darasa litakuwa nusu.

Kisha hesabuni kuachisha kunyonya. Ndama wengi huachishwa wakiwa na miezi 6 hadi 8, na wafugaji wengi hulinganisha uzito wa ndama kwa umri wa siku 205. Waliozaliwa Oktoba na Novemba wataachishwa kuanzia Mei hadi Juni. Siku tatu nne za kwanza mama na ndama hulia mchana na usiku, na darasa lililo karibu na zizi halisikilizani. Siku hizo msifundishe kusoma kwa sauti. Fanyeni mitihani ya kuandika, au pelekeni darasa chini ya mti upande wa mbali. Kupiga chapa, kuhasi, kukata pembe na kuchanja hupangwa na meneja kwa siku maalumu. Mwombeni awaambie wiki mbili kabla, mzifanye nusu siku. Chukueni karatasi kubwa, mchore miezi 12, mkapake rangi wiki za kuzaa, siku za chapa na siku za josho. Hesabu ya siku 283 wapeni wanafunzi wakubwa waifanye wenyewe. Ni zoezi zuri la kujumlisha tarehe, na mtashangaa jinsi wanavyolipenda.

Josho lina utaratibu wake. Huanza asubuhi kungali baridi, ng'ombe wakiwa wamepumzika na wamekunywa maji, ili wasije wakanywa maji ya dawa. Kwa kundi la kawaida linakwisha saa nne au saa tano. Basi siku hiyo shule ianze saa tano na nusu, imalizike saa nane na nusu, badala ya kufungua saa mbili na kufundisha madawati matupu. Hapa tusieleweke vibaya. Shule kusogeza saa ni jambo moja, mtoto kugeuzwa kibarua ni jingine. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa kazi ya hatari kuwa si chini ya miaka 18, na kazi nyepesi ya mtoto isimzuie kusoma. Kuchanganya dawa ya kupe, kusimama inaporuka, kuingia na ng'ombe ndani ya kibanio, ile njia nyembamba ya kumbania asitikisike: hizo ni kazi za hatari, na mtoto wa miaka 12 hana cha kufanya huko. Kufungua lango kwa mbali na kuhesabu wanaopita si hatari. Mwambieni meneja hivyo kwa upole: shule itasogea kwa saa, na ranchi nayo isichukue siku nzima ya mtoto.

Tuje darasani, ambako tungependa mtumie nguvu nyingi zaidi. Kumrudia mtoto mmoja huku 31 wanangoja hakuwezekani, nanyi mmeshaliona. Tatizo liko kwenye kufundisha somo moja kwa wote kwa siku moja. Huko Kolombia, tangu miaka ya 1970, shule za vijijini zenye mwalimu mmoja au wawili zimekuwa zikitumia mpango uitwao Escuela Nueva, ambao Vicky Colbert ni mmoja wa walioubuni: mtoto anafuata miongozo ya kujisomea kwa hatua, anapanda akimaliza hatua yake, na akiondoka kwenda kusaidia mavuno anaendelea pale alipoachia. Hilo ndilo linalofaa ranchini kwenu.

Anzeni kwa kumpima kila mtoto peke yake, dakika 10, bila kuangalia umri wala darasa alilosema alikuwa. Kusoma kuna ngazi tano: herufi, silabi, neno, aya, hadithi. Hesabu nazo: kutambua namba, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Mwandikeni kwenye ngazi ya juu kabisa anayoifanya bila kusaidiwa. Kisha wagawanyeni makundi matatu, si matano, maana makundi matano yatawashinda walimu wawili. Mtakuta kijana wa miaka 14 kwenye silabi pamoja na wa miaka 6, na hapo ndipo aibu inapoingia. Msimkalishe na wadogo. Mpeni ngazi ile ile kwa maneno ya kazi yake, kama *kupe*, *josho*, *hereni*, *ndama*, *fahali*, na mkalisheni na rika lake.

Kwa walio juu ya ngazi ya silabi tengenezeni kadi za hatua. Karatasi ngumu ya ukubwa wa nusu ya daftari, ifunikwe kwa plastiki. Mbele, mfano mmoja uliofanywa hatua kwa hatua. Nyuma, maswali 8. Majibu yakae kwa mwalimu. Kadi 5 ni fungu moja, na fungu likimalizika mwalimu anampa mtoto maswali 5 mapya ana kwa ana. Akipata 4 anapanda. Kadi 40 za hesabu na 40 za kusoma zinatosha kuanzia, na hamhitaji zote kwa pamoja: tengenezeni mafungu mawili mbele ya mtoto aliye mbali zaidi. Kila mtoto ana bahasha yenye jina lake na namba ya kadi aliyoishia. Akirudi baada ya wiki mbili za ng'ombe kuzaa, anachukua bahasha, anarudia kadi moja ya nyuma kama kumbukumbu, anaendelea. Hakuna tangazo wala kusimamishwa mbele ya wenzake.

Kadi hizi hushindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwalimu huandika maelezo marefu kwa mtoto anayesoma kwa shida. Sentensi mbili zikizidi, kadi imekufa. Ya pili ni mbaya zaidi: kuwapa kadi wale wa herufi na silabi. Hao hawajifundishi. Wanahitaji sauti ya mwalimu, mdomo wake, kurudia pamoja, kusahihishwa papo hapo. Kwa hiyo mwalimu mmoja abaki nao kipindi kizima kila asubuhi bila kuinuka, na mwenzake azunguke kwa wenye kadi. Ikiwa mmoja wenu ana sauti na uvumilivu zaidi kwa wadogo, awe ni huyo kila siku. Kubadilishana zamu kunawachanganya watoto.

Siku ya kawaida basi iwe hivi. Saa mbili hadi saa tatu na nusu kusoma na kuandika, vichwa vikiwa bado baridi. Nusu saa ya kupumzika na kula. Saa nne hadi saa tano na nusu hesabu. Saa tano na nusu hadi saa sita nyimbo, simulizi ya Biblia, afya, au kutoka nje kupima vitu. Saa sita wanakwenda nyumbani. Saa tatu na nusu za kazi ya kweli zinazidi siku ndefu yenye watoto wanaongoja zamu.

Hesabu za kupima zina utajiri kwenye ranchi ambao shule za mjini hazina. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la darasa lenye mita 10 kwa 6 ni mita za mraba 60. Mvua ya milimita 20 inaleta lita 1,200, na mkitoa sehemu ya tano inayomwagika na kupotea, zinaingia tangini kama lita 960. Kipima mvua ni chupa yenye kuta zilizonyooka na rula. Uzito wa ng'ombe nao hukisiwa bila mzani: pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe tena kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, ugawanye kwa 10,840. Kifua 160 na urefu 130 vinatoa kilo 307 hivi. Apimaye awe mtu mzima na ng'ombe awe kwenye kibanio. Watoto wasome utepe na kuhesabu nje ya uzio.

Usalama wa njiani usipuuzwe. Ng'ombe anaona karibu pande zote isipokuwa moja kwa moja nyuma yake, na anayetokea hapo ghafla hupigwa teke. Mama mwenye ndama mchanga ni hatari hata kama jana alikuwa mpole, na mbwa akiwepo ni hatari mara mbili, kwa sababu humfuata mbwa naye mbwa hukimbilia kwa mwenyewe. Watoto wasije na mbwa shuleni, wasikatize katikati ya kundi, wasipite kati ya mama na ndama. Njia yao isiwe ile ng'ombe wanayoshukia majini. Vichwani mwao angalieni mapunye, mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka nywele. Mengine hutoka kwa ndama, na yakiwa kichwani mafuta ya kupaka hayatoshi. Yanataka dawa ya kumeza kutoka zahanati. Na samadi iliyo karibu na darasa iondolewe angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa kwenye joto yai la inzi hufika kuwa inzi kwa siku 7 hadi 10.

Kisomo cha watu wazima kihamisheni kutoka usiku. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri akakaa juani siku nzima hawezi kujifunza saa mbili usiku, hata mwalimu awe nani. Ng'ombe hula sana asubuhi na alasiri. Katikati ya mchana hulala kivulini wakicheua, na hapo wachunga ng'ombe nao wana nafasi. Wekeni saa saba hadi saa nane kasorobo, siku tatu kwa wiki, na walio kambi ya mbali wafuateni huko mara moja kwa wiki mkiwa na ubao mdogo. Wafundisheni kwa maandishi yanayowahusu: namba za hereni za masikioni mwa ng'ombe, hati ya mshahara, ujumbe wa simu, na zaidi ya yote lebo ya dawa. Lebo ikisema mililita 1 kwa kila kilo 50, ng'ombe wenu wa kilo 307 anahitaji mililita 6 na ushei. Akikadiriwa kwa macho akapewa 4, minyoo au kupe hawafi wote, na wanaobaki huzaa wasiosikia dawa. Lebo hiyo hiyo hutaja siku ambazo maziwa na nyama visitumike baada ya dawa. Mama anayejua kusoma mstari huo analinda nyumba yake nzima.

Kuhusu meneja, pendekezo la kufungia mtoto darasa kwa sababu baba hakuja ibadani likataeni. Mtu ambaye mkate wake uko mikononi mwa anayemwita kanisani hana uhuru wa kusema hapana, na imani isiyoweza kukataliwa haijapokewa. Tena anayeadhibiwa ni mtoto. Mwendeeni faragha, kamwe si mbele ya wafanyakazi, mkamshukuru kwa nia yake, mkamweleze kwamba shule ni ya wote na ibada ni ya anayetaka. Mpeni njia ya kusaidia: kupanga zamu za kunywesha ng'ombe Jumapili ili kila mfanyakazi apate angalau Jumapili mbili huru kwa mwezi, na ibada ianze saa nne, baada ya ng'ombe kunyweshwa.

Vitabu vya ranchi mumeo anaweza kusaidia kwa alasiri moja kwa wiki: hesabu ya ng'ombe, chanjo, uzazi, mvua. Mahudhurio na makato ya wafanyakazi asiyaguse. Siku atakapoandika kwamba fulani alichelewa na fulani akakatwa mshahara, ataonekana kuwa jicho la bosi, na hakuna atakayemfungulia moyo tena. Yote haya yaandikeni kwenye ukurasa mmoja mkautie saini pande zote mbili: saa za shule, siku zinazosogezwa, nani ananunua chaki na karatasi, alasiri ya vitabu, na kwamba mtoto yeyote anapokewa. Nakala moja ipelekeni kwa kanisa lililowatuma, kwa sababu mameneja hubadilika.

Nyumba yenu ipate mlango unaofungwa. Jumapili kwenu ni siku ya kazi, kwa hiyo chagueni siku nyingine ya mapumziko, na siku hiyo tokeni nyumbani, hata kama ni kutembea hadi kilima cha jirani na chakula mkononi. Ukibaki ndani utabishiwa hodi. Siku nyingine tangazeni saa moja ya kupokea watu, mathalani saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, kwa barua za kuandikiwa, vidonda vidogo, ushauri. Baada ya saa moja usiku ni dharura tu, na zitajeni kwa majina: damu isiyokatika, uchungu wa uzazi, kuumwa na nyoka, homa ya mtoto mchanga, mtu kuumizwa na ng'ombe. Kuumwa na mbwa nako ni dharura: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu apelekwe kuchanjwa kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo.

Kujibizana kwenu kuna sehemu ya homa, na kuna sehemu ya kazi zisizo na mwenyewe. Kila kazi iwe na mtu mmoja wa kuulizwa: maji ya mmoja, kadi za mwingine, ibada ya mmoja, kisomo cha mwingine. Mambo ya kazi yazungumzeni mara moja kwa wiki, nusu saa, na daftari mezani. Chakula cha jioni msikichanganye na mambo ya shule wala ya meneja. Wewe, Mama Mwalimu, ukiwa kwenye tiba, achia kisomo cha watu wazima kwanza. Wadogo wa silabi ndio wa mwisho kuachwa.

Ukienda hospitali, mwenzako asijaribu kuendesha makundi matatu peke yake. Asubuhi afundishe wa herufi na silabi kwa saa moja na nusu, wenye kadi wakifanya kazi kimya nje kivulini na wanafunzi wawili wakubwa wakigawa bahasha, kisha awaruhusu wote. Bahasha, orodha ya ngazi za watoto na ile kalenda ya ukutani vikae sanduku moja lisiloingia mchwa wala panya, ili hata mwalimu mgeni akifika leo, kesho asubuhi ajue kila mtoto ameishia kadi ipi.